Kifungu cha 29: barua kwa Shomari

Belfort, Ufaransa
6 Oktoba

Ndugu yangu Shomari,

Assalaam alaykum. Mimi huku mzima wa afya, na ile "hofu na mashaka ni juu yako" tuliyokaririshwa shuleni leo naiandika kwa dhati, maana tangu Idi hujanijibu. Watoto hawajambo? Na goti la Bi Mkubwa limepoa, au bado anagombana na ngazi?

Mara ya mwisho tulipokaa barazani kwenu uliniuliza Ufaransa ya shamba ikoje, kwa kuwa picha ninazotuma zote ni za mjini. Nikakuahidi nitakwenda kuangalia. Jumamosi nimekwenda, na nilichokikuta huko kimenirudisha Kilwa moja kwa moja. Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu, simu nimeiweka kando.

Kijiji chenyewe kinaitwa Champagney, watamka "Shampanye". Usije ukawaambia watu nimekwenda kwenye ile mivinyo ya mapovu, huko ni mbali na huku. Ni katika mkoa wa Haute-Saône, mashariki, na treni kutoka hapa Belfort hufika upesi kiasi kwamba chai yangu haikuwahi kupoa. Wakazi hawafiki elfu nne. Kimelala kwenye bonde la mto Rahin, chini ya milima ya Vosges. Usiifikirie milima ya barafu. Ni vilima vya mviringo vilivyofunikwa misitu, mrefu wa jirani, Ballon d'Alsace, una mita 1,247 tu. Lakini asubuhi ukungu unashuka kutoka huko juu polepole, unaingia bondeni kama maji ya bamvua yanavyoingia mikokoni, na kwa muda huoni kitu ila mnara wa kanisa.

Kando ya kijiji kuna bwawa kubwa walilolianza kulijenga mwishoni mwa karne ya 19 ili kulisha maji mfereji wa kupitisha mashua. Mfereji haukufika ulikokusudiwa, bwawa likabaki. Sasa wazee wanavulia samaki, vijana wanaendeshea baiskeli kulizunguka. Na kwa kuwa nimetaja baiskeli: juu kidogo ya bonde kuna mlima uitwao La Planche des Belles Filles, ambako hatua moja ya mbio za Tour de France ilimalizia kwa mara ya kwanza mwaka 2012, na aliyeshinda siku ile ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Mwambie yule shemeji yako wa Mombasa, atafurahi.

Zamani bonde hili liliishi kwa makaa ya mawe. Walichimba tangu karne ya 18 mpaka mwaka 1958, na shimo moja la jirani lilishuka mita 1,010, refu kuliko yote Ufaransa lilipochimbwa. Watu walitoka hadi Poland kuja kushuka mle. Kijiji cha pili kwa reli, Ronchamp, kina kanisa dogo kilimani alilolichora Le Corbusier, msanifu majengo, likafunguliwa 1955. Lile la kabla yake liliharibiwa vitani mwaka 1944, na mawe yake yakatumika tena kujengea kuta za hili. Nililipenda kwa hilo kuliko kwa paa lake linalosifiwa na kila mtu. Nikakumbuka nyumba za kwetu zilizojengwa kwa mawe ya nyumba za waliotangulia. Liliingia urithi wa dunia 2016. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia 1981, kwa hiyo tumewatangulia miaka 35, usisahau kuwatajia wageni wako.

Haya, sasa nifike penyewe.

Mwaka 1789 Mfalme Louis wa 16 hazina imemkaukia. Akaita baraza kuu la matabaka, na kila kijiji kikaambiwa kiandike daftari la malalamiko yake limfikie. Unajua wanakijiji huandika nini wakipewa nafasi hiyo: kodi ya chumvi, msitu tunaozuiwa kukata kuni, mabwana wanaotukamua. Watu wa Champagney nao waliyaandika hayo yote, tarehe 19 Machi. Lakini walipofika kifungu cha 29 wakaacha shida zao wakazungumzia watumwa weusi wa makoloni. Wakasema kwamba hawawezi kufikiri mateso ya watu wale bila mioyo yao kuchomwa, wakiwaona binadamu wenzao wanatendwa vibaya kuliko wanyama wa mizigo. Wakasema pia kwamba mtu angetafakari, asingetumia mazao ya makoloni, kwa sababu yamenyweshwa damu ya wenzao. Wakamwomba mfalme atafute njia ya kuwafanya watumwa hao kuwa raia wenye faida kwa nchi.

Shomari, hawa ni wakulima na wachimba makaa. Bahari iko mbali nao siku nyingi za safari. Nilijiuliza walijuaje. Inasimuliwa kwamba kijana wao mmoja, Jacques-Antoine Priqueler, alikuwa askari wa ulinzi wa mfalme, akawa anarudi nyumbani na habari za wale waliokuwa wakipinga utumwa kule Paris. Na inasimuliwa kwamba kanisani kwao kulikuwa na picha ya Mamajusi wanaomzuru mtoto Isa, mmoja wao mweusi, naye ni mfalme kama wenzake. Wengi wao huenda hawakuwahi kumwona mtu mweusi ila huyo wa kwenye picha. Nimeingia kanisani kumtazama. Balthazar wao amevaa vizuri. Nilisimama mbele yake kwa muda mpaka bibi mmoja aliyekuwa anabadilisha maua akatutazama sote wawili, mimi na Balthazar, akatabasamu, akaendelea na maua yake.

Karibu na hapo kuna jumba la makumbusho, Nyumba ya Negritude (yaani fahari ya kuwa mweusi) na Haki za Binadamu. Lilianzishwa mwaka 1971, na Senghor, akiwa bado rais wa Senegal, akakubali kuwa mlezi wake. Ndani wametengeneza ngama ya jahazi la watumwa, unaingia umeinama. Nilipoinama nikasikia harufu ya mbao tu, si ya ngama ya kweli, wewe na mimi tunaijua ngama inavyonuka hata ikiwa imebeba nazi. Lakini pale chini, kichwa kikikaribia kugusa dari, nikakumbuka kitu ulichonisimulia wewe mwenyewe miaka ile unajifunza kazi ya kuongoza wageni.

Morice. Mfaransa yule aliyekuja Kilwa mwaka 1776 akaandikiana mkataba na sultani wetu: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, sarafu za fedha, kila kichwa, wasiuziwe Wazungu wengine. Walikuwa wanapelekwa visiwa vya Ufaransa, Isle de France, ndiyo Mauritius ya leo, na Bourbon, ndiyo Réunion. Kahawa ya Bourbon ilikuwa inanyweka Ufaransa. Piga hesabu: kutoka mkataba wa Kilwa mpaka kifungu cha 29 ni miaka 13. Wale wa Champagney walikuwa wanalia juu ya watu ambao sisi, kwa mkono wa sultani wetu, tulikuwa tumewapangia bei.

Nimeandika "sisi" nikakaa nikalitazama neno hilo. Najua utaniambia, kama ulivyoniambia siku ile, kwamba babu zetu mimi na wewe hakuna aliyeulizwa. Yamkini walikuwa kwenye upande wa kuhesabiwa. Sawa. Lakini kaburi la sultani tunaliswalia, na historia yake tunaiuza kwa wageni.

Nisikudanganye pia kwamba daftari lile liliokoa watu wetu. Utumwa ulifutwa na wanamapinduzi tarehe 4 Februari 1794, na mwaka 1796 wajumbe walipofika Isle de France na amri hiyo, wenye mashamba wakawafukuza. Kisha Napoleon akaurudisha utumwa mwaka 1802. Bourbon waliachiwa huru tarehe 20 Desemba 1848. Mtoto aliyechukuliwa Kilwa mwaka ule wa mkataba, kama alibaki hai, siku hiyo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Hili kwenye makumbusho sikuliona limeandikwa. Habari zao zaidi ni za Antili, visiwa vya Karibi. Bahari yetu wameipita pembeni kidogo.

Nikamwambia mama aliyekuwa mapokezi. Kifaransa changu unakijua, lakini nilikaza. Akaniuliza Kilwa ni wapi. Nikachukua tiketi yangu, nikageuza nyuma, nikachora pwani yetu kutoka Mombasa mpaka Msumbiji, nikatia kidoto, nikachora na mstari wa merikebu mpaka Bourbon. Akaiomba ile tiketi abaki nayo. Halafu akafunga droo na kunisindikiza mpaka mlangoni, akanionyesha nyumba ya kula.

Chakula chao ni viazi vya moto na jibini liitwalo cancoillotte. Jibini gani hilo, Shomari! Halikatwi kwa kisu, linamiminwa. Linavutika kama mlenda, lina kitunguu saumu, na harufu yake lazima uivumilie kwanza. Nililimaliza. Walipoleta kahawa nikainywa bila sukari, sijui hata kwa nini, mwenye nyumba akadhani nina kisukari.

Sasa nina ombi. Ukiwavusha wageni Kisiwani, unapowapitisha Makutani, kwenye kasri la masultani, huwa unawaambia habari za 1776 au unaishia kwenye ukubwa wa kasri na dhahabu ya Sofala? Sikulaumu, hata mimi ningekuwa na wageni waliolipa ningeanza na dhahabu. Ila nipigie picha ya Makutani upande wa bahari, asubuhi mashua ya kwanza inapofika, kabla jua halijakaza. Yule mama nimemwahidi, na nimemwambia nina rafiki ambaye hachelewi kujibu barua. Usinitie aibu.

Nisalimie Bi Mkubwa, na mafundi wote wa gati.

Ni mimi nduguyo,
Hamadi

Tena: jibini haliwezi kusafiri, nimeuliza. Nitakuletea chokoleti kama kawaida.