Shukrani kwa fundi umeme aliyekamata kinachonyonya betri

Fundi wetu, hukutaka jina litajwe, nasi tunaliheshimu hilo. Betri ya gari letu ilikuwa ikiisha gari likiwa limezimwa; asante kwa kukataa kutuuzia mpya kabla ya kupima.

Ulianza na volti: 12.6 gari likiwa limezimwa, 14.2 injini ikiwaka. Betri na alternata (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) zilikuwa nzima. Ukafungua waya wa hasi, ukaweka mita kwenye ampea 10, katikati ya waya huo na kichwa cha betri. Onyo lako tunalirudia kwa wote: usipige stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua.

Wengi hukosea kwenye kusubiri. Kompyuta za gari huchukua hata nusu saa kulala, na mlango ukifunguliwa zinaamka. Ndiyo maana ulilifunga komeo la mlango kwa bisibisi huku mlango ukiwa wazi, ili gari lidhani umefungwa. Zikishalala, chini ya miliampea 50 ni kawaida. Mita ilisoma 400! Kwa kiasi hicho betri ya Ah 60 (inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 60) humalizika kwa siku 6 hivi, na gari hugoma kuwaka mapema zaidi.

Hukuchomoa fyuzi hovyo. Ulipima milivolti juu ya kila moja ikiwa mahali pake, maana zikionekana fyuzi hiyo inapitisha umeme, na ya redio pekee ndiyo ilikuwa ikipitisha umeme. Waya mwekundu wa redio, unaopaswa kupata umeme tu swichi ya ufunguo ikiwashwa, ulikuwa umefungwa pamoja na wa njano wenye umeme muda wote. Ulipoutenganisha, mita ikashuka hadi 25.

Fyuzi zote zikiwa safi, ulisema, kagua dayodi za alternata (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu). Ahsante sana, fundi.