Dada yangu wa Taveta mmemfuta kwenye jedwali lenu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma toka enzi za kulipata limefungiwa vitumbua na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile ripoti ya nguvu kazi ya mjini na vijijini, Kenya na Tanzania, imenishinda. Nilivumilia nikijua mtasahihisha. Hamkusahihisha, na Jumapili mkaichapa tena kwa ufupi na jedwali lile lile.

Mmesema Watanzania wa mjini ni 35 katika kila 100 na Wakenya ni 31, kichwa cha habari kikadai sisi tunakimbia jembe kuliko wenzetu. Jamani, ya kwetu ni sensa ya 2022, ya kwao ni ya 2019, hiyo miaka mitatu hamkuigusa popote. Na mji wenyewe haupimwi kwa kipimo kimoja, Kenya wanaangalia watu waliosongamana kuanzia 2,000, huku kwetu inategemea zaidi eneo limepangwaje kiutawala, yaani mtu analala mwanakijiji anaamka mtu wa mjini na migomba yake iko pale pale.

Halafu ndio mkafanya kilichoniuma kabisa. Mmechukua ile milioni 20 ya wenye kazi Kenya mwaka 2023 mkaiweka pembeni ya idadi yetu mkasema kazi za Kenya ziko mjini. Mhariri, ile milioni 20 haina mkulima mdogo wala mfugaji! Wakenya wenyewe wanaandika hivyo kila mwaka kwenye taarifa yao ya uchumi, wala hawajaficha, mngesoma tu maelezo yanayoambatana na jedwali. Utafiti wetu wa nguvu kazi wa 2020/21 ulifika mpaka kwa wakulima mashambani. Sasa huku mmehesabu na jembe, kule mmehesabu bila jembe, mkashangaa kwa nini kule mashambani hakuna watu. Mimi naishi Holili, mpakani upande wa Tanzania, na mama, dada yangu ameolewa Taveta, ng'ambo upande wa Kenya, ukipanda boda hata jasho halijakauka umefika. Mbegu za maharage wanagawana na mama kwenye kopo moja, mvua inayowanyeshea ni moja, na wote wawili wanauza soko lile lile. Kwenye jedwali lenu mama yumo, dada hayumo, si mwenye kazi si asiye na kazi, amefutika tu. Na mama ana miaka 71! Hesabu yetu inaanza miaka 15 na haina mwisho, Kenya kwenye ripoti zao za robo mwaka wanaishia 64, kwa hiyo mama angeolewa upande ule leo asingekuwepo hata kwa dawa.

Nilikuwepo siku mdadisi wa takwimu alipokuja nyumbani na kishikwambi chake. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia anapukuchua mahindi, kidole gumba amekifunga kipande cha kanga maana kilishachubuka toka jana yake, punje zinarukia mpaka kwenye viatu vya yule binti. Akaulizwa, siku 7 zilizopita mama umefanya kazi yoyote? Mama akajibu, mimi sina kazi mwanangu, niko tu nyumbani. Huku anapukuchua! Binti akauliza tena taratibu, haya mahindi ni ya kula au ya kuuza, mama akasema ya kula, kwa sababu kwetu mgeni humtangazii biashara zako, wakati wiki ile ile mikungu sita ya ndizi ilivuka kwenda Taveta na hela nilizipokea mimi mkononi. Ilibidi niingilie. Na lile swali si dogo, maana toka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walivyokutana Geneva, anayelima kwa ajili ya kula nyumbani tu anawekwa kapu lake, hahesabiwi kwenye ajira. Yule binti alikuwa na subira, akaandika upya. Je, nyumba ambazo hakuna mtu wa kuingilia?

Na hili la kuitwa mji nalo. Eneo moja jirani walipandishwa kuwa mji mdogo, kilichofika cha kwanza ni karatasi ya kukataza mbuzi na ushuru wa meza ya nyanya, maji mpaka leo wanafuata kwenye bomba la shule. Wale nao mnawahesabu wamehama shamba, na asubuhi unawaona wote na majembe begani.

Naomba mfanye hivi. Kila mkichapa jedwali la nchi mbili, chini yake wekeni mistari minne: mji ni upi, kazi ni ipi, umri ni upi, mwaka ni upi. Pasipofanana, msiweke pamoja. Halafu mtumeni mwandishi siku ya soko Taveta, afike saa kumi na moja alfajiri, ahesabu wanawake wanaoshusha ndizi kabla hajauliza nani ni wa nchi gani. Na jedwali la Jumapili mlirudie ukurasa ule ule, na dada yangu akiwemo.

Msomaji wenu,
Holili, Rombo