Keki ya Moto Haipakwi Krimu

Wiki iliyopita dada mmoja alirudi na keki mkononi, krimu yote imeteremka hadi kwenye kibao. Akasema tumemuuzia keki mbovu. Alichukua kwetu keki tupu aipambe mwenyewe, apunguze gharama. Aliikuta ndiyo inatoka kwenye oveni, tukamwomba asubiri ipoe, akasema ana haraka.

Malalamiko haya hurudi kila joto linapopanda. Januari na Februari hapa Dar es Salaam ni nyuzi 32 na zaidi, na siagi ya kwenye krimu hulainika hata kabla ya kufika huko. Sasa uipake juu ya keki ya moto!

Kwetu keki ikiiva inakaa kwenye chombo chake dakika 10, ndipo tunaigeuzia kwenye waya ipoe saa 2 hadi 3. Ukiishika chini kwa kiganja usisikie joto hata kidogo. Kichwa kilichoumuka kinakatwa, inapakwa krimu nyembamba ya kushika makombo, inaingia friji nusu saa, ndipo krimu yenyewe inafuata. Krimu yetu ni siagi gramu 250 kwa sukari ya unga gramu 500, iliyochekechwa. Ikiwa nzito, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja, usimimine.

Wengine hukimbilia friza. Nje inapoa, katikati bado ina joto, na ukiitoa inatoka jasho. Niliwahi kupigiwa simu usiku wa kuamkia send-off: keki ya ngazi tatu, mama mwenye shughuli kaivisha mwenyewe fondanti, lile ganda laini la sukari la kufunikia keki, kaihifadhi kwenye friza. Kuitoa tu, fondanti ikaanza kunata, rangi nyekundu ya maua ikachuruzika kwenye nyeupe. Tulibandua yote, tukaivisha upya hadi alfajiri. Akawa amenunua fondanti mara mbili, na kazi ya usiku juu yake.

Mnaponiuliza kwa nini kupamba kunakaribia bei ya keki yenyewe, zihesabuni na saa hizo za kusubiri. Hatuziruki, hata oda zikiwa nyingi.

Yule dada tulimkwangulia krimu, tukaipoza keki, tukapaka upya. Nilimtoza krimu tu. Keki tupu tutaendelea kuuza, ila kuanzia sasa haitoki hapa ikiwa na moto, hata mteja awe na haraka kiasi gani.