Harambee: tusomeshe walimu wetu wenyewe

Assalamu alaykum wazazi, wazee wetu, na ndugu zetu mlio mbali.

Ukiingia ofisi ya walimu shuleni kwetu, tazama ratiba iliyobandikwa ukutani. Majina manne yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Hisabati, Sayansi, Kiingereza, hata Michezo, vyote viko chini ya jina moja. Mwalimu huyo amekalisha gredi ya tano na ya sita chumba kimoja, watoto wamepeana migongo, kila kundi na ubao wake, naye anazunguka katikati. Siku akishikwa na malaria, shule hubaki kengele tu.

Kilichowaondoa wale wanne tunakijua sote. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera wakaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Aprili 2, 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Kisha Januari 13, 2020 wakaingia Kamuthe, katika kaunti yetu hii hii ya Garissa, wakaua walimu watatu. Baada ya hapo TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ikahamisha walimu wengi wasiokuwa wenyeji. Hatuwalaumu. Nani kati yetu angemwambia mwana wa mwenzake abaki? Chandarua cha mmoja wao bado kinaning'inia kwenye nyumba ya walimu. Hakuna aliyepata moyo wa kukishusha.

Katika kikao cha mwezi uliopita kuna waliotaka tuchangie ukuta na askari wa usiku. Mimi nilipinga, na baada ya mabishano marefu (wengine walitoka nje kwa hasira, wakarudi chai ilipofika) tulikubaliana tusomeshe walimu wetu wenyewe. Al-Shabaab swali lao la kwanza ni moja: nani mgeni hapa? Wakimuua mgeni mmoja, kumi wengine hufunga mizigo wenyewe, na ukuta haumrudishi hata mmoja wao. Mtoto aliyekaa miaka bila masomo ndiye wanayemtafuta baadaye, wakimwahidi pesa asizowahi kuziona.

Si kwamba mwenyeji hauawi, tusidanganyane. Salah Farah alikuwa naibu mwalimu mkuu, Mwislamu. Desemba 2015 basi lao liliposhambuliwa njia ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Yeye alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Lakini mwalimu wa hapa ana mama hapa na mbuzi wake hapa. Akiogopa usiku, asubuhi utamkuta bado yupo.

Kwa hiyo tunaomba mchango wa kuwasomesha vijana watatu wa kijiji hiki, wasichana wawili na mvulana mmoja, wote wana alama za kuingia chuo cha ualimu. Mmoja wa wasichana hao tayari anafundisha gredi ya kwanza bila malipo, chini ya mwarubaini, na chaki hununua mwenyewe. Diploma ni miaka mitatu. Tumekadiria karo, nauli na matumizi kuwa shilingi 100,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, jumla 900,000. Watatia saini mbele ya chifu na wazazi wao kwamba watafundisha hapa kwa miaka isiyopungua mitano. Ajira ya TSC ikichelewa itabidi tuwatafutie posho, kwa hiyo msidhani harambee hii ndiyo ya mwisho.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa tatu asubuhi. Anayetoa mbuzi aje naye mapema, mnada utaanza kabla jua halijakuwa kali. Mlio Eastleigh na ng'ambo, tumeni kwenye akaunti ya shule peke yake. Mweka hazina ameiweka namba kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na kuibandika mlangoni mwa ofisi. Usimpe mtu pesa mkononi, hata mimi. Majina ya waliotoa na walioahidi yatasomwa palepale, na mwenye ahadi ana siku 30 za kuitimiza.

Katibu, Kamati ya Wazazi