Kaka, jezi uliituma wewe

Kaka, assalaam alaykum.

Nimesoma ulichoandika juzi kwenye kundi la ukoo, kwamba anayeshabikia timu ya mwenye damu mikononi naye ana fungu lake la dhambi. Jina hukutaja. Shangazi alinipigia usiku ule ule: "Kwani nyinyi bado hamjapatana?" Ikiwa ukoo mzima umejua unasemwa nani, na mimi nakujibu hadharani.

Chelsea sikuitafuta mimi. Ulinitia wewe, enzi tunakaa Unguja, kocha Mourinho ndiyo kwanza amefika na Drogba hata hajazoeleka. Abramovich alikuwa keshainunua klabu tangu 2003, na barazani hapakuwa na asiyejua kuwa ni Mrusi aliyetajirikia mafuta pale Urusi ilipouza mali ya umma kwa bei ya kutupa. Aliyekuwa akitusimulia hayo ni wewe, tena kwa kucheka: "Mwacheni atumie, pesa haina jina." Ubingwa wa 2005 na wa 2006 tuliula pamoja. Usiku wa fainali ya Moscow, 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima, nani aliyezunguka mtaani kutafuta betri za redio? Terry, nahodha wetu, alipoteleza akakosa penalti, ulilia, kaka. Nilikushika mkono mpaka nyumbani.

Ikaja 2022. Urusi ikaivamia Ukraine, Machi Uingereza ikamzuilia Abramovich mali zake kwa kumwona mtu wa karibu wa Putin, klabu ikakatazwa kuuza tiketi mpya na jezi, na Mei ikauzwa kwa kina Boehly wa Marekani kwa pauni bilioni 2.5. Hayo unayajua kuliko mimi, unaishi huko. Mashabiki wetu walipoimba jina la Mrusi kule Burnley, watu wamesimama kwa ajili ya Ukraine, hata mimi niliona haya, na kocha wetu Tuchel mwenyewe aliwasema. Kuumia kwako sina neno nako.

Nina neno na Idd ile. Ulikuwa umekuja likizo. Tumekaa barazani baada ya isha, dhumna inapigwa, kahawa inazunguka, mwanangu akatokea viwanja vya sikukuu na jezi yake ya buluu. Hukumwita hata kwa jina. "Wewe! Vua hilo, limejaa damu za watu." Mtoto wa miaka tisa. Alidhani kuna damu kweli. Akalivuta kifuani, akaligeuza upande huu na huu chini ya taa, anatafuta. Hakuiona. Akavua hivyo hivyo, akaikunja kama mama yake alivyomfundisha, akakuwekea mapajani, akaenda ndani tumbo wazi. Mzee mmoja akaropoka, "Na wa Newcastle nao wavue? Ile si ya Saudia?" Watu wakacheka. Ukacheka na wewe. Mtoto alikuwa hajafika hata mlangoni.

Na jezi yenyewe uliituma wewe! Umeinunua huko kwa pauni zako. Mimi miaka yote hii nimelipa kiingilio cha banda la mpira, na hela ile imeishia kwa mwenye banda na dizeli ya jenereta yake. Tukipiga hesabu nani kamchangia Mrusi, mimi simo.

Tena hebu tufike shambani. Nauli yako ya kwanza ya kwenda Uingereza ilitoka kwenye karafuu za babu. Mikarafuu ya mwanzo Pemba ilipandwa kwa jasho la watumwa, na sheria ya kufuta utumwa Zanzibar haikuja mpaka 1897. Kila msimu unauliza fungu lako, na hujapata hata siku moja kuniambia nivue shati la fedha ya karafuu. Sikulaumu kwa hilo, nami nala humo humo.

Ukitaka kuhama timu, hama, lakini angalia unakohamia. Manchester City ni ya Abu Dhabi tangu 2008. Newcastle, Wasaudia walichukua asilimia 80 mwaka 2021, miaka mitatu baada ya mwandishi wao wa habari, Khashoggi, kuuawa ndani ya ubalozi wao mdogo wa Istanbul. Hiyo Arsenal unayoisifia siku hizi ilitia tangazo la Rwanda kwenye mkono wa jezi mwaka 2018, na yaliyoipata Goma kule Kongo, mikononi mwa waasi wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, umeyasikia. Labda uje uwanja wa Gombani hapa Pemba tukatazame ligi ya kwetu, ambako kelele ni za nauli ya timu tu.

Mtoto sasa ni mkubwa na hana timu. Akiulizwa, anajibu hivyo hivyo, "sina," na anaondoka. Bi mkubwa anasema bora, anapata wasaa wa kusoma. Mimi linanichoma, kwa sababu mimi na wewe tulikuwa na pa kukimbilia tukiwa na umri wake.

Julai karafuu zinaanza kuchumwa. Ukija kuchukua fungu lako, kaa naye umtake radhi kwa mdomo wako. Wewe ni baba yake mkubwa, si ujumbe wa kwenye kundi. Mimi siku hiyo nitakwenda shamba mapema, asije mtu akasema nimekulazimisha.