Barua ya malalamiko: punguzo la bei lililorudishwa kupitia riba

Kwa Meneja wa Mauzo,

YAH: MASHARTI YALIYOBADILISHWA KATIKA MKATABA WA KUKODI GARI JIPYA AINA YA SUV

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Ofisa wenu wa mauzo alikubali kunipunguzia bei ya gari kwa asilimia 5. Aliandika punguzo hilo kwa kalamu pembeni mwa karatasi ya makadirio, akaweka saini yake ya kifupi, na karatasi ninayo. Mkataba ulipoletwa, malipo ya kila mwezi yalikuwa yale yale ya kabla ya punguzo. Nilipouliza, nikaambiwa ndivyo kompyuta ilivyokokotoa. Kompyuta hukokotoa ilichoingiziwa, kwa hiyo sikutia saini, nikaenda kupiga hesabu mwenyewe.

Tuseme bei kamili ya gari ni 100. Mkataba ni wa miezi 36, na thamani ya gari mwisho wa mkataba mmeiweka asilimia 58 ya bei hiyo kamili. Bila punguzo nalipia upungufu wa thamani wa 42. Kwa punguzo, 37. Upungufu huo unagawanywa kwa miezi 36, na juu yake inakuja riba ya kila mwezi: bei tuliyokubaliana ujumlishe na thamani ya mwisho, kisha uzidishe kwa namba ya kukokotolea riba. Namba niliyotajiwa mwanzo ilikuwa 0.00125. Kwa namba hiyo, malipo ya mwezi yalipaswa kushuka kutoka 1.36 hadi 1.22, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwenye mkataba namba hiyo imegeuka 0.00220, na malipo yamerudi 1.36 kamili.

Mteja akiziona sifuri hizo anadhani tofauti ni ndogo. Zidisha kila moja kwa 2,400 upate riba ya mwaka: ya kwanza ni asilimia 3, ya pili ni asilimia 5.28. Mlichonipa kwa mkono mmoja mmekichukua kwa mwingine, na hakuna aliyeniambia. Historia yangu ya mikopo haikubadilika kati ya karatasi ile na mkataba huu.

Kuna jambo la kilomita pia. Nilisema tangu siku ya kwanza kwamba naendesha takriban kilomita 20,000 kwa mwaka. Mkataba unasema 16,000. Kwa miaka mitatu hizo ni kilomita 12,000 ambazo ningetozwa faini moja moja siku ya kurudisha gari. Na kama kweli mlikusudia kilomita chache, gari lililotembea kidogo hubaki na thamani kubwa zaidi, hivyo ile asilimia 58 ilipaswa kupanda na malipo yangu kushuka. Haikupanda.

Nilipolalamika, ofisa alinishauri niongeze malipo ya awali ili ya mwezi yapungue. Huo si unafuu, ni kulipa mapema deni lile lile. Gari likiibwa au kuharibika kabisa miezi michache baadaye, bima humlipa mwenye gari, ambaye si mimi, na kwa kawaida fedha hizo za awali hazirudi.

Kilichoniudhi zaidi ni swali nililoulizwa kila tulipokaa: "Ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Nikitaja bei ya gari, swali linarudi. Nikitaja riba, linarudi. Sasa naelewa kwa nini.

Naomba mkataba mpya wenye punguzo la asilimia 5, namba ya riba 0.00125 na kilomita 20,000 kwa mwaka, pamoja na thamani ya mwisho inayolingana na kilomita hizo. Kila ada iandikwe peke yake, ikiwemo ya kufungua mkataba na ya kurudisha gari. Kama kampuni ya fedha ndiyo iliyopandisha riba, nionyesheni barua yake. Kama ni nyinyi mlioongeza, iondoeni.

Mkishindwa, nirudishieni amana niliyoweka kushikilia gari hilo, yote, ndani ya siku 14. Nimeambatanisha nakala za karatasi zote mbili.

Wenu,
Mteja