Zilipendwa zilizotuchekesha zimepotelea wapi?

Mhariri,

Tangu nistaafu nimekuwa msikilizaji wa kudumu wa vipindi vya zilipendwa, na sasa ninalo lalamiko ambalo naomba nafasi ndogo gazetini mwako nilitoe. Kijana anayesikiliza vipindi hivyo atadhani kwamba sisi wazee wa nchi hii tulizaliwa tukilia. Jioni baada ya jioni huimbwa mpenzi aliyekwenda zake, mahari iliyokosekana na msafiri asiyerudi. Nyimbo hizo ni nzuri na sizikatai, lakini sizo tulizoziimba tukichunga ng'ombe kule Maragoli nilipokuwa mtoto. Sisi tuliimba za kuchekesha.

Zilitufikia kupitia Sauti ya Kenya, katika redio moja ambayo mawe yake yalipoishiwa nguvu baba aliyaanika juani juu ya bati, ili angalau yatuvushe hadi Jumapili. Nyingine tuliletewa na mjomba, aliyekuwa tarishi Nairobi, ambaye kila Krismasi alishuka kwenye basi na santuri mbili tatu alizozifunga ndani ya shati zisikwaruzwe. Tena palikuwa na wapiga gitaa wa omutibo, mtindo ambao George Mukabi aliuvumisha kabla ya kufariki mwaka 1963. Hao walikuja harusini wenyewe, mmoja akidona nyuzi na mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo, na chupa hiyo ilitosha kututoa jikoni na kijiko mdomoni.

Wimbo ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa Gabriel Omolo uitwao Lunch Time, uliotoka mapema katika miaka ya 1970, unaosimulia habari za wafanyakazi wa mjini ambao saa ya kula ikifika hawana cha kula, basi huenda kujilaza bustanini. Mjomba alipouweka kwa mara ya kwanza alicheka hadi akajipangusa macho, nasi tukacheka kwa kuwa yeye alicheka. Mimi, ambaye Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kumwamkia mwalimu tu, nilidhani Lunch Time ni jina la mahali, pengine mtaa fulani ulio karibu na stesheni ya gari la moshi, ambako watu wa Nairobi hukutana kulala mchana. Nilitamani sana kufika huko.

Nilifika. Mwaka 1983 niliajiriwa kuwa karani jijini, na haikuchukua miezi mingi kabla sijagundua kwamba mshahara wangu ulikuwa na tabia ya kunisindikiza hadi katikati ya mwezi na kuniachia hapo. Saa saba mchana nilikuwa nikitembea hadi bustani ya Jeevanjee, nikalala nyasini pamoja na makarani wenzangu, gazeti limenifunika uso (pengine lilikuwa lako, Mhariri). Siku moja mtu aliyelala hatua chache kutoka nilipokuwa alianza kuupiga mluzi wimbo ule ule, taratibu, na watu watatu wanne tukaangua kicheko bila hata mmoja wetu kufunua uso. Ndipo nilipomwelewa mjomba na machozi yake ya Krismasi.

Wapo watakaosema kwamba hizo zilikuwa nyimbo za mzaha tu, zisizostahili kuhifadhiwa sawa na zile za mapenzi au za uhuru. Helule Helule ya Daudi Kabaka ilikuwa wimbo wa kuchangamsha miguu, na bado kundi la Waingereza, The Tremeloes, lililisikia hilo likaurekodi mwaka 1968 na kuuingiza katika nyimbo zilizouzwa sana kwao. Nikubali pia, kwa kuwa nimezisikiliza upya nikiwa mtu mzima mwenye mabinti, kwamba baadhi ya nyimbo zetu za mzaha ziliwacheka wanawake kwa namna ambayo leo inanikera, na nisingependa kumwimbia mjukuu wangu kila nilichokiimba mimi. Hata hivyo nyingi zilimcheka mwimbaji mwenyewe, na mtu anayejicheka kwa Kiswahili chepesi namna ile simsikii tena mara kwa mara redioni.

Ombi langu kwa watangazaji ni dogo. Wanapopiga wimbo wa zamani wamtaje aliyeutunga na aliyepiga gitaa, badala ya kutuambia tu kwamba hicho ni kibao cha enzi hizo, maana kina Kabaka na Fadhili William walituacha wote wawili mwaka 2001 na majina yao yanazidi kufifia. Na baina ya machozi mawili watuwekee kicheko kimoja. Lunch Time, kwa mfano, ingefaa ipigwe saa saba mchana, tena karibu na tarehe 20, kabla mishahara haijaingia. Naamini bustani ya Jeevanjee bado ina wasikilizaji.

Karani mstaafu,
Mbale, Vihiga